Shavu la Kushoto Lilivyonipeleka Dodoma

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja anataka nianze mwanzo. Mnajua vizuri kwamba kusema sana bado kunanisumbua, lakini nikikaa tu kwenye benchi la kahawa mnanigeukia: "Haya mwenyekiti, tueleze." Basi nimeandika. Someni wenyewe, asiyeona vizuri asomewe, na tukikutana tena benchini tuzungumze habari za mvua.

Kwa atakayepitishiwa karatasi hizi naye hanijui: mimi ni mwenyekiti wa kitongoji mstaafu, mkulima wa Zombo. Maisha yangu yote nimeyaendesha kwa mdomo. Nimesuluhisha mipaka ya mashamba, nimeita mikutano, nimewakaripia wenye ng'ombe walioingia kwenye mpunga na wenye mpunga waliowapiga ng'ombe. Kisha baada ya mavuno ya mwaka huu shavu langu la kushoto likaanza kupigwa umeme.

Sitii chumvi. Chukulieni mtu ameshika waya uliochubuka, anaugusisha kwenye ufizi wako, anauondoa, anaugusisha tena. Unakwisha kabla hujamaliza kumwita mama yako, na kumwita huwezi, kwa sababu kusema ndiko kunakouamsha. Kutafuna kunauamsha. Kunyoa, kupiga mswaki, upepo wa asubuhi, hata nzi akitua. Kati ya pigo moja na jingine mimi ni mzima kabisa, gunia nabeba. Hilo ndilo lililowafanya wengi wenu mnione najidekeza.

Nilijua ni jino. Kila mtu alijua ni jino. Bibi mmoja jirani yetu alinifukiza kwa mbegu ili mdudu wa jino atoke, yakatoka machozi na kamasi. Nikaenda kung'oa, nikamwonyesha mng'oaji gego la nyuma kwa kidole changu, akaling'oa. Umeme ukabaki pale pale. Nikamwonyesha la jirani yake, nalo likatoka. Sitaji ilikuwa wapi, maana walifanya nilichowaomba.

Haya yote ningeyavumilia kama si Zaituni. Zaituni ni kitindamimba wangu, na alikuwa ameposwa na Ramadhani, fundi pikipiki wa Kilosa. Siku ya nikaha ilishapangwa. Kwetu baba wa binti ndiye walii, yeye ndiye anayetamka mbele ya mashahidi kwamba amemwozesha. Akitaka anaweza kumpa sheikh wakala amsemee, na wengi siku hizi hufanya hivyo kwa kuogopa kulia mbele ya watu. Mabinti wangu wakubwa niliwaozesha kwa kinywa changu. Huyu naye nilitaka nimtamkie mwenyewe, ila nilijiambia ikishindikana sheikh yupo. Njia hiyo ilikuja kufungwa Kilosa.

Zombo hadi Kilosa

Nilisindikizwa na shemeji yangu Mrisho, mdogo wake mke wangu. Alichaguliwa kwa sababu anaongea, na mimi siwezi. Familia iliona tukijumlishwa tunatoa mtu mmoja wa kawaida.

Tulikodi pikipiki mbili. Kwa ajili ya upepo mke wangu alinizungushia kanga yake kichwani mpaka puani, akaifunga fundo kisogoni, juu akanivika kofia yangu. Dereva, kijana mwenye adabu zake, aliniamkia: "Shikamoo mzee." Nikainua mkono. Akasubiri. Nikainua tena. Bado akasubiri, kwa sababu mtoto aliyelelewa haondoki na shikamoo yake mkononi. Mrisho akaitikia kutoka pikipiki ya pili, "Marahaba, marahaba, twende," na kuanzia hapo akajiona amepewa cheo. Kila aliyeniamkia njiani aliitikiwa na Mrisho, hata wale wanaomzidi umri.

Tulipofika kijiji cha Ulaya, ile ya kwetu si ya Wazungu, tairi la pikipiki yangu likaishiwa upepo. Tukakaa pembeni mwa barabara wakati linazibwa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo alimtazama mzee aliyejifunga kanga, akacheka hadi akashika mbavu, kisha akaona vibaya akaniletea muhogo wa moto kwa kuniomba radhi. Nilikuwa na njaa tangu alfajiri. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaunusa, nikampa Mrisho. Mama yule akauona ukiliwa na mwingine, akanuna, akarudi kwenye jiko lake bila kutuaga. Mrisho akasema muhogo ulikuwa mtamu sana.

Kilosa

Daktari wa meno wa Kilosa alinifungua kinywa, akanigonga jino moja moja kwa kichuma, akapiga picha, akarudi na kiti chake kukaa mbele yangu. Nilikuwa nimeshamwekea kidole kwenye jino la tatu.

"Hili sing'oi," akasema. "Ni zima. Na hayo mawili yaliyotoka sidhani kama yalikuwa na kosa. Mzee wangu, ukiendelea hivi utabaki na ufizi na maumivu yako yatakuwepo." Akaandika barua ya kunipeleka Dodoma, kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mrisho aliichukua barua, akalisoma neno ubongo mara mbili.

Tulipotoka, Mrisho akaenda kutafuta usafiri, mimi nikasimama sokoni kwenye kivuli cha ukuta. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yake Ramadhani anauza mchele soko hilo hilo. Aliniona kutoka mbali, akaacha biashara, akaja akiwa ametabasamu, na wenzake wote wakimtazama, maana alikuwa ameshawaambia kwamba yule ndiye mkwe wake wa Zombo.

"Asalaam aleykum, mkwe! Karibu Kilosa. Mbona umejifunga hivyo, au umekuja kunipeleleza?"

Nilifungua kinywa nimwitikie. Umeme ulipiga pale pale, mkali kuliko yote ya siku ile, na nilifanya ninachofanya siku zote unaponipiga: niligeuka, nikaegemeza paji la uso ukutani, nikafumba macho. Ulipokwisha nikageuka. Alikuwa ameshaondoka. Nilimwona mgongo wake akirudi kwenye mchele, na wanawake wenzake wakinitazama mimi.

Salamu ile kuitikia ni wajibu. Nami nilimpa mgongo mama wa mkwe wangu, mbele ya soko zima. Nilimfuata mpaka kwenye meza yake, nikaonyesha shavu langu. Akawa anampimia mteja mchele, macho hakuinua. Usafiri ukawa tayari, Mrisho akaja kunivuta.

Kilosa hadi Dumila

Kabla hatujafika Rudewa simu ya Mrisho ililia. Alikuwa mke wangu, na sauti yake ilisikika gari zima.

"Shemeji yako amemfanya nini mama yake Ramadhani?"

Mrisho akasema hajui, yeye alikuwa anatafuta gari.

"Amenipigia anatetemeka. Anasema baba Zaituni amemgeuzia ukuta. Anasema kama mahari yao ni ndogo au mwanawe ni fundi tu, tungemwambia mapema. Na amesema wakala hataki. Kama baba Zaituni ameridhia, aseme kwa mdomo wake siku ya nikaha, yeye mwenyewe asikie. La sivyo anarudi na mwanawe Kilosa. Mwambie."

"Amesikia," Mrisho akasema. Gari zima lilikuwa limesikia.

Tuliandika ujumbe wa simu. Mimi nilitamka kwa vidole, Mrisho akaremba: kwamba mkwe wako ni mgonjwa wa shavu, hakukusudia, anakuheshimu sana. Jibu likaja kupitia simu ya Ramadhani: "Mama anasema yeye salamu aliitoa kwa mdomo." Kwa kweli hapo nilimwelewa. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo, tena kwa maneno makali zaidi.

Dumila tulisubiri basi muda mrefu. Wauza mahindi, mayai, miwa, mishikaki, wote wanakimbilia kila gari linalosimama, na moshi wa nyama unakufuata kila unapohamia. Nilimwelekeza mama wa uji anitilie kwenye kikombe, nikachomoa mrija niliokuja nao mfukoni, nikauingiza upande wa kulia, nikavuta taratibu.

"Mzee ananyonya uji!" mmoja akapiga kelele, wakaja kutazama.

"Ana nadhiri," Mrisho akawaambia. "Hasemi wala hatafuni mpaka amwozeshe binti yake." Sijui aliitoa wapi. Ikawasisimua sana, mama wa uji akaniongezea kikombe, na wawili wakaomba niwaombee dua. Nilikunywa uji wao nikiwa nimekasirika, lakini nilikunywa.

Kwenye kibanda hicho alikuwepo mfugaji mmoja wa kutoka kanda ya ziwa, Baba Kulwa, ambaye siku hizi ana boma lake upande wa Kimamba. Alikuwa amesimama. Viti vilikuwepo, ila yeye alisimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, kwa sababu akikaa maumivu yanamshuka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi kisigino. Alipandisha suruali akatuonyesha chale alizochanjwa mguu mzima, mistari miwili miwili mpaka kwenye kifundo. Naye alikuwa anakwenda Dodoma, hospitali ile ile.

"Mimi nataka wanipasue tu," akasema. "Wanitoe hicho kidudu mgongoni nirudi kwa ng'ombe wangu. Na wewe mzee?"

Nikafungua kanga, nikaonyesha shavu. Hakuuliza zaidi. Nilibeba mfuko wake hadi kwenye basi, na yeye alipopanda alimwambia kondakta, kabla Mrisho hajapata nafasi, "Huyu usimwongeleshe, anaumwa." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema jambo langu kama lilivyo.

Dumila hadi Dodoma

Anayepajua Gairo anaujua upepo wake. Abiria wa mbele yangu alifungua dirisha kwa sababu ya joto. Nikalifunga. Akafungua. Nikafunga. Aligeuka akiwa na maneno tayari, akakuta mzee aliyejifunga kanga ya kike, machozi yanamtoka jicho moja. Akaomba tubadilishane viti. Baba Kulwa alisafiri kwa kusimama njia nzima, ameshika chuma cha juu, na kila kondakta alipomwambia nafasi ipo alijibu kwamba anaiona.

Kibaigwa basi likasimama, jambo la injini. Watu wakashuka, wakala, wakachoka, wakala tena. Mimi nilikaa ndani nikifanya mazoezi ya ile sentensi moyoni. Si ndefu. Nimekuozesha binti yangu fulani, kwa mahari mliyokubaliana. Moyoni niliitamka vizuri sana. Nikajaribu kwa kunong'ona, nikafika kwenye "nimeku", nikaishika taya yangu kwa mikono miwili. Nilikata tamaa pale Kibaigwa, nasema wazi. Niliiona ndoa ya mwanangu inavunjika kwa sababu ya kipande cha uso kisichozidi kiganja.

Dodoma

Kwenye benchi la kliniki ile kuna kila namna ya mtu. Palikuwa na mzee aliyepooza mkono na mdomo upande mmoja, mkewe anamfuta udenda bila kukatiza mazungumzo. Palikuwa na mama mwenye binti wa kifafa, ambaye watu walikuwa wamemwachia nafasi pembeni yake pande zote mbili kama anaambukiza. Mrisho naye aliiacha nafasi hiyo. Baba Kulwa akaenda kusimama hapo hapo. Alisema kusimama ni kusimama.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. "Shikamoo baba," akasema, na mimi nikainua mkono wangu. Hakusubiri. "Usiitikie. Tikisa kichwa tu, nitauliza mimi." Tangu nitoke nyumbani hakuna aliyenisamehe salamu, na machozi yalinilengalenga palepale mbele ya mtoto wa watu.

Aliuliza. Ni upande mmoja tu? Unapiga ghafla na kukwisha ghafla? Kunyoa kunauamsha, upepo, mswaki? Katikati yake unakuwa mzima? Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikachoka, nikaona kwamba kuna mtu amekaa mahali anaujua ugonjwa wangu kabla hajaniona. Akanigusa uso huku na huku kwa pamba. Akataka kichwa kipigwe picha kwenye ile mashine inayogonga kama mafundi wa bati, ahakikishe hakuna uvimbe. Hapakuwa na uvimbe.

"Jino halina kosa, baba," akaeleza, akichora kwenye karatasi. "Kuna mshipa wa fahamu unatoka kwenye ubongo unakuja usoni: paji, shavu, taya. Pale unapotokea, mara nyingi mshipa wa damu unakuwa umeulalia. Kila ukidunda unausugua, mpaka ganda lake linachubuka. Wewe unasikia maumivu kwenye jino kwa sababu jino ndiko waya unakoishia. Hitilafu iko kule unakoanzia."

Akasema kuna dawa, na kwamba watu wengi wanaijua kama dawa ya kifafa.

Mrisho akasimama. "Daktari, samahani. Shemeji yangu hana kifafa. Tuna harusi! Hilo neno likifika Kilosa hatuna harusi tena."

"Sijasema ana kifafa. Dawa hii inatuliza umeme uliovurugika, uwe kwenye ubongo au kwenye mshipa wa uso." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Na hata angekuwa nacho, hakiambukizi, na wengi wanaotumia dawa vizuri wanaishi na kuoa na kuolewa. Yule binti pale nje umeacha nafasi kubwa sana pembeni yake."

Mrisho akakaa.

Dawa ingeanza kidogo na kupanda taratibu kwa maelekezo yake. Ingenipa usingizi na kizunguzungu. Vipele vikitokea mwilini nirudi hospitali mara moja, na nisiiache ghafla hata nikijiona mzima. Ikishindwa kabisa upo upasuaji, nyuma ya sikio, wanaweka kisponji kati ya mshipa wa damu na ule wa fahamu visisuguane. Nilisikiliza yote. Kisha nikalipa gharama ya kusema kitu kimoja, na nililipa kila neno: "Nitaweza kumwozesha mwanangu?"

Aliacha maumivu yapite kwanza. "Wapo wanaopata nafuu ndani ya siku chache, wapo wanaochelewa. Wewe sijui uko wapi. Ila usiongeze kidonge kwa haraka ya harusi. Ukinyooka kitandani hutamwozesha mtu."

Baba Kulwa tulimkuta nje, amekasirika. Alikuwa amejiandaa kwa kisu, wakampa mazoezi. Pingili ya mgongo imebana mshipa wa mguu, wamemwambia, na wengi hupona bila kupasuliwa: atembee, asibebe ndama wala magunia, anywe dawa za maumivu, arudi, na siku akihisi ganzi sehemu za siri au akishindwa kuzuia haja, aje mbio bila kungoja tarehe. "Nimetoka Kimamba hadi Dodoma kuja kuambiwa nitembee," akasema. Tuliagana. Aliondoka kwa miguu.

Dodoma hadi Morogoro, ambako hatukuwa tunakwenda

Tulirudi kwa treni ya umeme. Kiti laini, dirisha halifunguki, upepo hakuna. Kwa mgonjwa wa aina yangu hiyo ni pepo. Nilimeza kidonge, nikamwambia Mrisho kwa ishara aniamshe Kilosa. Akaapa.

Niliamka treni imesimama, watu wanashusha mizigo, na kwenye ubao wa stesheni imeandikwa Morogoro. Mrisho hakuwa amelala hata kidogo. Alikuwa anamweleza mama mmoja wa pembeni habari za mshipa wa fahamu wa uso, kwa kirefu, na kuchora amechora, kwenye mfuko wa karanga. Walipita mahandaki, wakapita Kilosa, yeye yuko kwenye ganda la waya.

Nilitaka kumtukana sana. Nikafungua kinywa, nikamwambia, "Mrisho, wewe ni mpumbavu." Alinitazama kwa furaha. Mimi pia nilikuwa nimesikia. Sentensi nzima ilikuwa imetoka na hakuna kilichonipiga.

Tulilala kwa ndugu, asubuhi tukaenda stendi. Dawa ilikuwa imenishika miguu. Nilitembea kama sakafu inahama. Kondakta mmoja akaniona na kofia yangu na ndevu zangu, akasema, "Mzee, leo umeanza mapema." Mrisho alitaka wapigane. Nilimzuia kwa sababu ningekuwa kondakta ningesema hivyo hivyo.

Morogoro hadi Mikumi

Katikati ya mbuga magari yalisimama. Tembo walikuwa wanavuka, na tembo mmoja jike hakuona sababu ya kuharakisha. Dereva wa lori nyuma yetu akapiga honi mara moja, abiria wetu wote wakamgeukia na kumlaani kwa pamoja. Tulikaa. Nyani wakaja kuchungulia madirishani. Mama aliyekaa upande wa pili alikuwa na mtoto mchanga aliyelia kwa njaa, akanyonyeshwa, akalala, na tembo yule bado yuko barabarani. Nilijaribu ile sentensi kwa kunong'ona. Ikafika mwisho. Nikaijaribu tena, ikanipiga katikati, lakini pigo lilikuwa dogo, kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi.

Mikumi tuliingia kwa mama ntilie mmoja karibu na barabara kuu. Msichana aliyekuwa anahudumia alikuja anafuta mikono: "Shikamoo babu."

"Marahaba," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Sijui kama mnaweza kuelewa furaha ya neno hilo kwa mtu ambaye amekuwa akiinua mkono kama trafiki. Niliagiza wali na maharage, nikatafuna upande wa kulia, taratibu, mpaka sahani ikaisha. Kisha nikaagiza chai ambayo sikuihitaji ili aje tena nimuulize wazazi wake hawajambo. Mrisho alikaa kimya muda wote. Nadhani alikuwa anaomboleza cheo chake.

Mikumi hadi nyumbani

Tulichukua pikipiki, kanga kichwani kama kawaida, tukafika Zombo salama. Nyumbani mashine ya maneno ilikuwa imeshafanya kazi. Nilikuta nimekataa mahari, nina kifafa, nina nadhiri, na nimepasuliwa kichwa. Mke wangu alinifungua kanga, akauliza, "Utaweza?" Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli. Siku mbaya zilikuwa bado zinakuja katikati ya siku nzuri.

Siku ya nikaha nilimeza kidonge changu kama nilivyoelekezwa, sikuongeza. Wengi wenu mlikuwa uani mkisubiri na mlisikia mlichosikia. Ya ndani hamkuyaona, na ndiyo mnayoniuliza.

Nilikwenda na sheikh na mashahidi wawili mpaka chumba alichokuwa Zaituni, kumwomba idhini yake kabla ya kutoka kwa bwana harusi. Wanawake walikuwa wamejaa. Mama yake Ramadhani alikuwa amekaa karibu na kitanda, mikono imefungwa kifuani, hajanisalimu. Pazia la mlango lilikuwa jepesi, feni inalipeperusha, na nilipopita likanifuta shavu la kushoto.

Swali ni fupi: Zaituni, umeridhia nikuozeshe kwa Ramadhani? Halikutoka. Ulinipiga, ukanipiga tena, mfululizo, kama ule wa Kilosa. Nilishika mwimo wa mlango. Mnajua desturi: bibi harusi huulizwa, naye kwa haya hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo idhini. Safari hii aliyenyamaza alikuwa muulizaji, na chumba kizima kikaanza kutazamana.

Zaituni akainua shela.

"Nimeridhia, baba," akasema, kwa sauti ya juu. "Usiniulize. Maneno yako yaweke ya huko nje."

"Wee mtoto!" shangazi yake akashtuka. Bibi harusi hasemi kabla ya kuulizwa, tena mbele ya mkwe.

Mama yake Ramadhani alikuwa amesimama. Alinikaribia, akanitazama usoni, jicho linalotoka machozi na upande wa mdomo unaovutika wenyewe. Siku ile sokoni uso huo nilikuwa nimeugeuzia ukuta, yeye hakuuona. Alitazama mpaka ukapita.

"Ndiyo hii?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Sheikh," akasema, "mchukulie wakala, msemee. Mimi nimeridhika. Mtu asiteseke kwa ajili ya masikio yangu."

Sheikh akanitazama, akisubiri nimpe. Njia ilikuwa imefunguka tena. Nikakataa kwa kichwa, nikatoka nje.

Nilikaa mkekani mbele ya Ramadhani, nikashika mkono wake kama inavyotakiwa. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Madirisha ya chumba cha wanawake yalikuwa wazi na nilijua nani amesimama hapo. Nikaanza. "Nimekuozesha binti yangu," nikasema, na hapo ukapiga.

Nilinyamaza. Mtu mwingine yeyote akinyamaza mahali pale, watu hunong'ona. Walii aliyesita amekataa. Nilingoja minong'ono. Sikusikia hata kikohozi. Ua zima lilikaa, na ndani kule dirishani hakuna aliyesema neno, na Ramadhani hakuuvuta mkono wake wala kuubana. Aliuacha tu ndani ya wangu mpaka umeme ulipokwisha.

"Zaituni," nikasema, na nikaendelea hadi mwisho.